Mfano Ukikukataa

Kimumu, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Nyokabi, dada yangu wa kuchagua,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba kwa zamu za hospitali, na hilo joto la Doha limekuachia ngozi kidogo. Mimi sijambo. Kile kifua kilichokuwa kikinisumbua kimepona, na paka uliyeniachia amenenepa kupita adabu. Mahindi ya watu yamebeba vizuri mwaka huu. Bado napika omena dirisha likiwa wazi na jirani wa juu bado analalamika, kwa hiyo usidhani umepitwa na lolote.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu na simu ninayo. Ni kwa sababu nakujua. Wewe ukisikia mwanzo wa jambo unarukia mwisho, halafu unapiga kelele, halafu mtandao unakatika na mimi nabaki nimeshika simu kama mjinga. Safari hii utanisikiliza mpaka nimalize. Okello wa kwaya anarudi kazini huko wiki hii, nami nimempa bahasha hii, majani chai, na flashi ndogo niliyoifunga kwa karatasi. Hiyo flashi usiiguse kwanza. Najua tayari unaifungua. Iweke chini, Nyokabi.

Siku ile unaondoka uliniachia kazi moja tu. Uliniambia nisikubali mama yako akae peke yake nyuma ya mapazia. Tangu tumzike baba yako, mzee Kinyanjui, ulisema, duka lake la Yamumbi analifungua kwa sababu tu wateja wanagonga, na wakiondoka anarudi chumba cha nyuma na kuketi gizani mchana. Nilikuahidi. Basi chukua barua hii kama ripoti ya kazi uliyonipa, nayo ina raha kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika.

Unajua kwamba nilianzisha darasa la kompyuta Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, hapo hapo Yamumbi, hatua chache kutoka dukani kwa Mama. Nilimwalika. Nilidhani atataka kufundishwa kutuma picha kwa simu kama akina mama wengine. Akanijibu kwamba picha wajukuu wa majirani wanamsaidia kutuma, yeye anataka kujua hicho chombo kinafikiri nini kikinyamaza. Nikamwingiza darasa la kuandika programu, nikiwa nimefurahi kiasi kwamba nilimnunulia na daftari.

Tunatumia programu inayoitwa Hatua. Imetengenezwa na kijana mmoja, Wachira, anayeishi Nairobi, ili mtu anayeanza aiandikie kompyuta maagizo kwa Kiswahili. Ukikwama unaandika neno msaada na jina la agizo, nayo inakuletea maelezo mafupi na chini yake mfano. Mfano unaunakili kama ulivyo, unabonyeza, unaona agizo likifanya kazi. Mwanafunzi anayeanza anaishi kwa mifano, maana maelezo hakuna anayeyasoma. Wewe kwa kuwa ni muuguzi utajifanya unasoma vikaratasi vya ndani ya paketi za dawa. Haya.

Siku ya kwanza Mama alikuja amevaa ile sweta ya kijani ya sikukuu. Nikampa agizo linaloitwa panga, linalochukua orodha ya vitu na kuipanga kwa alfabeti. Alifungua msaada mwenyewe. Mfano ulikuwa mstari mmoja tu: panga(mazao). Akaunakili kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akarudia kusoma kuhakikisha hakuna alichoacha, akabonyeza. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu: Kosa. Mazao haijulikani.

Hebu fikiria. Mwanamke aliyelima viazi na njegere Ainabkoi tangu alipoolewa, anaambiwa na mashine kwamba mazao hayajulikani. Nikamwambia ajaribu tena. Nyekundu. Nikaandika mstari ule ule kwenye kompyuta yangu ya mwalimu, mbele yake, nayo ikatoa kabichi, njegere na viazi, vimepangwa safi. Nilidhani namsaidia. Kumbe nilikuwa namdidimiza, kwa sababu sasa aliona kwa macho yake kwamba kwa mwalimu inakubali na kwake inakataa. Alitabasamu lile tabasamu lake la heshima, la kumwambia mgeni chai imetosha.

"Bridgit, hii kitu imenikataa," akasema. "Ni sawa tu. Kuna vitu za watu wengine."

Akaondoka, na kwa haraka akasahau miwani yake mezani. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilipopita dukani nilikuta pazia la chumba cha nyuma limefungwa kama zamani, na safari hii akaniuzia mkate kupitia kidirisha bila kunikaribisha ndani. Nilitembea mpaka stendi nikiwa na hasira na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Ulinipa kazi moja, na ilionekana nimeiharibu vibaya kuliko nilivyoikuta.

Aliyegundua tatizo ni kaka yako. Muigai alikuja kuchukua miwani ya Mama akitokea shambani Ainabkoi, na gambuti zake zikaacha udongo kutoka mlangoni hadi meza ya mbele. Nilimkaripia kwa ule udongo, na nilipomaliza nikajikuta namweleza habari yote, jinsi mfano unavyokubali kwangu na kumkataa Mama. Hakubishana. Akaketi kwenye kompyuta aliyotumia Mama, akanakili mstari ule, akapata nyekundu ile ile. Akaniomba nizime yangu niiwashe upya. Nikazima, nikawasha, nikaandika. Nyekundu.

Unaona kilichotokea? Kabla ya darasa, nikijiandaa, nilikuwa nimeiandikia kompyuta yangu orodha ya mazao, nayo ikaikumbuka. Kompyuta ya Mama haikuwahi kuambiwa mazao ni nini, na mfano wenyewe haukusema. Muigai alicheka mpaka akashika meza. Akasema huo mfano ni sawa na kumfundisha mtu kupika ugali ukianzia pale maji yanachemka, halafu umlaumu kwamba sufuria yake ni baridi.

Nilimpigia Wachira palepale nikiwa nimepandwa na hasira. Akashangaa, akasema kwake unafanya kazi vizuri. Nikamwambia azime awashe. Nikasikia akibonyeza, halafu akisema, "Aki woiye." Nilimsamehe kwa jinsi alivyosikitika kusema hivyo. Akaniomba, kama nina nafasi, nimkagulie mifano yote iliyo ndani ya msaada, agizo kwa agizo.

Nafasi sikuwa nayo, ila Muigai alijitolea. Kila Jumamosi wanafunzi wakishatoka, tulikaa ukumbini, tukawa tunawasha kompyuta upya kwa kila mfano, ili usitegemee chochote kilichobaki kutoka kwa uliotangulia. Nyokabi, mifano ilikuwa inachechemea. Mmoja ulitaka picha iliyokuwa kwenye kompyuta ya Wachira peke yake, ya mbwa wake eti. Mwingine ulitaka mtandao, na pale ukumbini mtandao unakuja kama askofu, kwa taarifa. Tukajiwekea sheria. Mfano uanze na jiko baridi. Kila unachohitaji kiwe ndani yake. Na usitumie fulani na fulani. Utumie majina na vitu halisi, ili mtu akiona jibu ajue mara moja kama ni sahihi.

Mfano wa panga ulipokuwa tayari nilibeba kompyuta hadi dukani kwa Mama. Sikugonga kidirisha, nilizunguka nikaingia. Nikaiweka kwenye kaunta, kati ya mikate na sabuni za kipande, nikamwambia jambo moja nililokuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mama, siku ile wewe hukukosea. Mfano ndio ulikuwa umeharibika."

Aliingia mteja wa sukari, Mama akampimia, akafunga karatasi kwa utulivu kana kwamba mimi sipo. Kisha akapangusa mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akaketi. Mfano sasa ulikuwa na mistari miwili: wa kwanza uliitajia kompyuta mazao, wa pili ukayapanga. Akanakili. Kidole kimoja, pole pole. Akabonyeza, na kabichi, njegere na viazi vikajitokeza kwa mpangilio. Akaongeza karoti kwa hiari yake, nayo ikakaa mahali pake. Aliiangalia sana.

"Sasa imejua," akasema, na akainuka kwenda kufungua pazia la nyuma, ati apate mwanga wa kusoma.

Nililia kidogo nikielekea stendi, nakwambia ukweli. Nilikuwa na furaha isiyo na pa kwenda.

Tangu hapo Mama ndiye mjaribu wetu. Hakuna mfano unaotumwa kwa Wachira kabla haujapita kwa kidole chake. Anaunakili kama ulivyo, bila kuulizwa, bila kuelekezwa, na ukimkataa anatugeukia sisi, siyo kujigeukia mwenyewe. Na si kukataa kwa mashine tu. Mfano wa agizo la hesabu ulimwambia mtu aandike majina ya watoto wake, kompyuta itoe idadi. Unafanya kazi bila kasoro. Mama akauangalia, akaondoa mikono mezani kama aliyeguswa na moto. Alituuliza ni nani huyo anayehesabu watoto wa watu. Muigai alijaribu kumkumbusha kwamba wao ni watu wa kanisa, akamjibu kwamba kanisa ni kanisa na watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mkosi. Nikambadilishia tukahesabu trei za mayai, akaridhika. Wachira alipoambiwa alicheka, lakini baadaye akakiri kwamba hata bibi yake angezima kompyuta.

Ukimwona Mama sasa hutamjua. Anafungua duka mapema kwa hiari. Mapazia ameyafua. Akina mama wa kikundi chake wakija kununua unga wanaonyeshwa, watake wasitake, jinsi ya kupanga majina ya wanakikundi. Mzee Eliakim, yule mzee wa kanisa anayependa maombi marefu, naye amejiunga, na anamwita Mama mwalimu msaidizi, jambo ambalo Mama anajifanya halipendi.

Mwisho wa muhula tuliandaa siku ya maonyesho. Wachira alituomba kila mwanafunzi aandike mfano mmoja wake mwenyewe, akaahidi kwamba mifano itakayokuwa kamili ataitia ndani ya msaada wa Hatua, pamoja na jina la mwandishi, isambazwe kwa madarasa yote yanayoitumia. Ukumbi ulijaa. Tuliazima projekta, tukatundika shuka nyeupe ukutani. Mzee Eliakim alitangulia kwa mfano wa agizo la kurudia, uliokuwa uandike Haleluya mara chache. Alisahau kuuambia utakoma lini. Haleluya zikamiminika ukutani bila kupumua, waumini wakaanza kupiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa, na mwishowe ikabidi nichomoe waya. Yeye alisema ule mfano ulikuwa kamili, sisi ndio tulichoka upesi.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya niogope simu. Vuta kiti.

Mama alikuwa ameficha mfano wake. Hata mimi hakunionyesha, ila wiki kadhaa kabla, tukinywa chai, aliniuliza majina ya wazazi wangu. Nikamwambia baba ni Jeconia Obonyo na mama ni Aketch, akasema vizuri, anataka kuwaombea. Siku ya maonyesho akasimama na sweta yake ya kijani, akaeleza watu kwamba kwao watoto hupewa majina kwa utaratibu, na utaratibu ni kitu ambacho kompyuta inaelewa. Kijana wa kwanza ni wa babu upande wa baba, anayefuata ni wa babu upande wa mama. Kwa wasichana ni hivyo hivyo kwa mabibi, halafu unaingia kwa shangazi. Ukiitajia kompyuta baba, mama na watu wao, inakupa majina. Idadi haitoi. Hilo alilisisitiza.

Akabonyeza, na mfano wote ukatokea ukutani, herufi kubwa kama mlango. Mstari wa juu kabisa ulisema: baba ni "Muigai". Uliofuata ulisema: mama ni "Bridgit".

Ndiyo. Soma tena kama unataka. Kati ya kuwasha kompyuta upya na kuzima, kati ya picha ya mbwa na trei za mayai, mimi na kaka yako tulikuwa tumependana, na tulikuwa hatujamwambia mtu. Nilikuwa naogopa, Nyokabi. Si kwa sababu ya Mama alivyo, ila kwa sababu ya mji huu ulivyowahi kuwa. Mimi na wewe tulikuwa wasichana wadogo wakati wa zile vurugu za uchaguzi, watu hapa walipoulizwa majina yao barabarani, na kabila la jina likaamua kama utapita. Sikujua Mama amebaki na nini moyoni kuhusu siku zile. Sikujua wewe nawe umebaki na nini. Kwa hiyo nilinyamaza, na Muigai akanyamaza kwa ajili yangu, ingawa alichukia kunyamaza.

Nilikuwa natafuta mlango. Muigai, aliyekuwa amebeba viti, aliviangusha vyote. Mama hakumtazama hata mmoja wetu, alikuwa anaeleza tu, kwa sauti ya mwalimu.

"Si mlisema mfano utumie majina ya kweli?" akasema. "Ningeandika fulani na fulani, nani angejua kama iko sawa?"

Kisha akauendesha. Kwa wavulana likatokea Kinyanjui, na chini yake Obonyo. Kwa wasichana likatokea Mwihaki, jina la Mama mwenyewe, chini yake Aketch, na chini ya hao, Nyokabi.

Nilimwona Mama akisoma jina la Baba. Alikuwa amelijaribu dukani peke yake, bila shaka, lakini nadhani hakutarajia lingekuwa kubwa vile, juu ya shuka nyeupe, mbele ya watu wote waliomzika. Mkono ukamwendea mdomoni. Mzee Eliakim, Mungu ambariki, hakuweza kujizuia, akasema Haleluya moja tu, na hapo ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, wengine vigelegele, mama mmoja wa kwaya akanikumbatia kwa nguvu mpaka hereni ikadondoka. Majina yetu yalikuwa yamekaa pamoja ukutani, ya kwenu na ya kwetu, na watu wa mji huu walikuwa wanayashangilia.

Baadaye nilimuuliza Mama amejuaje. Akasema kijana wake tangu utoto hajawahi kuoga kabla ya kutoka shambani kwenda mjini, na ghafla akaanza kuja Jumamosi ananukia kama duka la vipodozi, gambuti zimesuguliwa. Isitoshe, alikuwa ameshampigia mama yangu. Wale wawili wanaongea kila jioni sasa, kila mmoja na Kiswahili chake, na wanabishana kwa raha kubwa. Mama yangu Aketch anasema mtoto atapewa pia jina la wakati aliozaliwa, kama ilivyo kwetu. Mama wa Yamumbi amejibu kwamba hilo si tatizo, ataliongeza kwenye mfano.

Baba yangu alilitafakari siku mbili, kama kawaida yake, halafu akauliza kama huyo Muigai anajua kuchunga ng'ombe au ni viazi tu. Hilo kwake ni ndiyo. Wazee wa kwenu, Mzee Mungai akiwa mbele, watakuja kwetu Desemba kuleta posa. Hii ndiyo sababu ya barua: sitaki wakae waanze kuongea wewe ukiwa hujaja. Muigai alisema nikuombe ruhusa. Mimi nakuomba uje, ruhusa utanipa ukifika, tukiwa jikoni. Kama kuna neno lolote moyoni mwako linalosita, niambie mimi kwanza, nalo nitalipokea. Lakini naomba lisiwepo.

Sasa fungua flashi. Ndani yake kuna Hatua mpya, ambayo Wachira alisambaza wiki iliyopita. Iwashe ikiwa baridi, uandike msaada majina. Nilimwomba ayabadilishe yale majina kabla hajausambaza mfano, kwa aibu, akasema Mama amekataa katakata. Kwa hiyo jua kwamba mahali popote mtu anapojifunza na programu hiyo, Bungoma, Nakuru, hata Kisumu kwa shangazi zangu, mimi nimeshaolewa. Na wewe ni shangazi, ila itabidi ungoje zamu yako.

Ukimaliza shuka hadi chini ya ukurasa. Utakuta maneno ambayo Mama aliyadai yawekwe chini ya kila mfano, si wake tu, ndiyo akakubali kuendelea kuwa mjaribu. Wachira ameyaweka yote kama alivyoyasema: "Umejaribiwa na Mwihaki wa Yamumbi. Mfano huu ukikukataa, kosa si lako. Usiende nyumbani."

Mama anakusalimia, anasema usisahau kuvaa kitu kichwani huko kwenye jua, na ukija umletee miwani mipya maana ile imechoka kusoma. Muigai anakusalimia akiwa amesimama mlangoni, anataka kujua nimefika wapi na nimeandika nini kumhusu. Paka naye yupo. Nisalimie wenzako wote wa zamu, na Mungu akutunze mpaka tukupokee uwanja wa ndege.

Ni mimi, rafiki yako wa zamani na wifi yako mpya ukikubali,

Bridgit Amolo